Sikiliza Sauti ya Chini

Ndugu msomaji, bendi ya muziki wa dansi huwa na magitaa ya namna tatu. Gitaa la solo hulia juu na kuchezacheza. Gitaa la rithim hufuatana na wimbo. Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, na sauti yake ni nzito, ya chini. Watu wengi humsifu mwimbaji na mpiga solo. Leo tuzungumze juu ya mpiga besi.

Besi hufanya kazi gani? Kwanza, hushikana na dramu ili mapigo yasiende mbio wala yasizembee. Pili, humpa mwimbaji mahali pa kusimama. Katika ngoma za pwani, vumi hufanya kazi kama hiyo. Vumi hushikilia. Vumi likinyamaza, wachezaji hukosa hatua.

Nitatoa mfano wa bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Huenda umesikia habari za mwimbaji wake, Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 1964 alihamia Uingereza pamoja na wazazi wake. Bendi hiyo ilianza London mwaka 1970. Brian May alipiga gitaa, Roger Taylor alipiga dramu. Walijaribu wapiga besi kadhaa, hakuna aliyedumu. Mwaka 1971 wakampata John Deacon, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea elektroniki chuoni. Alikuwa mtu mkimya. Bendi tayari ilikuwa na mwimbaji mwenye madaha na mpiga gitaa hodari. Haikuhitaji mtu mwingine wa kushindana nao. Ilihitaji mtu wa kuwashikilia.

Chukua wimbo wao "Another One Bites the Dust" wa mwaka 1980. Deacon aliutunga mwenyewe, nao ulifika nafasi ya kwanza Marekani. Nguzo yake ni nota moja, yaani sauti moja ya gitaa, inayopigwa mara tatu: du, du, du. Mwanafunzi anaweza kujifunza mwanzo huo kwa siku moja. Lakini ajaribu kuupiga kwa dakika tatu na zaidi bila kuharakisha na bila kuongeza manjonjo. Hapo ataijua kazi. Mwaka 1981 Queen walitoa "Under Pressure" pamoja na David Bowie. Besi inayoufungua wimbo huo ina nota mbili tu, lakini watu huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Wako wasemao kwamba anayepiga nota chache hajui kupiga. Mimi sikubaliani nao. Katika "The Millionaire Waltz" wa mwaka 1976, besi ya Deacon inapanda na kushuka kwa ufundi mwingi. Basi alijua. Alipiga chache pale wimbo ulipotaka chache.

Nina sababu ya kulisema jambo hili. Baba yangu mdogo alipiga besi katika bendi ndogo ya mji wetu. Siku moja aliniwekea mkono juu ya boksi la spika, akasema, "Solo isikie kwa sikio. Mimi nisikie kwa kiganja." Nikamsikia kweli. Usiku wa dansi watu walimtuza mwimbaji. Fedha zilipogawanywa, fungu la besi lilikuwa dogo kuliko yote. Wenzake walimwambia, "Wewe unapiga kidogo."

Kisha aliugua wiki mbili, na bendi ikapiga bila yeye. Wachezaji walinung'unika kwamba muziki umekuwa mwepesi na miguu haiendi. Hakuna aliyeweza kutaja kilichopungua. Baba mdogo alipopona alirudi, na muziki ukatengemaa. Fungu lake halikuongezwa.

Queen walifanya vingine. Kwa miaka mingi nyimbo zao nyingi zilichapishwa kwa jina la aliyezitunga. Katika albamu ya The Miracle, ya mwaka 1989, waliamua kwamba nyimbo zote ziandikwe jina la bendi, hata kama mmoja ndiye aliyeleta wazo. Naliona hilo kuwa jambo la haki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Baada ya hapo Deacon alipiga mara chache tu, na mwaka 1997 akaacha kabisa.

Basi, ndugu msomaji, fanya zoezi hili. Redio ikipiga wimbo uupendao, mara ya kwanza sikiliza maneno. Ukipigwa tena, acha maneno yapite, utafute sauti ya chini. Ukiipata, igonge mezani kwa kidole. Utaona kwamba kila kinachoruka juu kinarudi kutua juu yake.

Na kama kijijini kwenu kuna bendi au kikundi cha ngoma, mjue anayepiga besi au vumi. Muulize jina lake. Siku ya kugawana fedha, fungu lake lipimeni kwa uzito wa kazi yake. Msilipime kwa wingi wa sauti zake.