Msiba wa Daktari

Msiba una wenyewe, na daktari hahesabiwi miongoni mwao. Mgonjwa akikata roho, yeye anasaini cheti, ananawa mikono, anakwenda kitanda cha pili. Hakuna anayempa mkono wa pole, wala hautarajii.

Hilo hunijia kila yanapozuka mabishano juu ya kumsaidia mgonjwa kufa. Uholanzi, ambako sheria imeruhusu tangu Aprili 2002, mara nyingi anayeombwa ni daktari wa familia, yule yule aliyekuwa akimpima mgonjwa presha miaka nenda miaka rudi. Kwanza lazima daktari mwingine asiyehusika aje kumwona mgonjwa. Siku ikifika, daktari wa familia anachoma dawa ya usingizi mzito, kisha ya kulegeza misuli. Watu wangali wanalia sebuleni, naye anampigia simu mkaguzi wa vifo wa manispaa, maana kisheria kifo hicho si cha kawaida. Fomu zitakwenda kwa kamati ipime kama masharti yalifuatwa. Daktari anaweza kukataa tangu mwanzo, halazimishwi. Ila kumkatalia mtu wa siku nyingi hivyo nako ni kumpoteza, tena angali hai.

Uingereza, chama cha madaktari kilipiga kura Septemba 2021 kama kiendelee kuipinga sheria ya namna hiyo. Asilimia 49 walitaka kisichukue upande wowote, 48 walikataa. Wanaopinga zaidi ni madaktari wa tiba shufaa, ambao kukaa na wanaokufa ndiyo kazi yao ya kila siku. Hoja yao yajulikana: maumivu yakitulizwa, wengi hawaombi tena kufa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, aliishikilia mpaka mwisho. Mimi naikubali nusu. Yapo mateso ambayo mofini haiyafikii. Kuoshwa na mwanao wa kumzaa, kwa mfano, huku akili yako ikiwa timamu. Tena nahisi pana jambo jingine ambalo kura haiwezi kulipima: madaktari hawa wamezoea kufiwa, na kufiwa kwa mkono wako mwenyewe ni kufiwa kwingine kabisa.

Wapo madaktari wa Uholanzi ambao, siku wakifanya kazi hiyo, hawapangi mgonjwa mwingine mpaka kesho yake. Sheria haiwadai hivyo. Wamejianzishia wenyewe.