Injinia Asiyeona na Mtu wa Vitabu

Testi zimekwisha, bumu halijaingia, kwa hiyo mtu unabaki hosteli na bando la usiku na hamu ya kubishana. Wiki hii ubishi wa chumbani kwetu umemhusu mtu mmoja tu, LeVar Burton. Wengi wenu mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Ndiye Kunta Kinte kijana katika Roots ya mwaka 1977, yule anayechapwa viboko mpaka akubali kuitwa Toby. Wakati huo alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa maigizo chuo kikuu kule California. Yaani rika letu kabisa.

Sasa huyu Kunta Kinte baadaye akawa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Julai 1983 alianza kuendesha Reading Rainbow, kipindi cha watoto kwenye televisheni ya umma ya Marekani, PBS. Ni nusu saa. Kitabu cha watoto kinasomwa kwa sauti huku picha zake zikipita, kisha Burton anatembelea mahali panapohusiana na hadithi hiyo. Kuelekea mwisho watoto wenyewe wanakuja kusifia vitabu walivyosoma, kwa sababu yeye hataki aaminiwe peke yake. Halafu mwaka 1987 akapata nafasi ya Geordi La Forge katika Star Trek: The Next Generation, kwenye chombo cha anga Enterprise, karne ya 24. Geordi alianza kama rubani, akaja kuwa injinia mkuu. Na ni kipofu wa kuzaliwa. Machoni anavaa kidude cha chuma kinachofanana na kile kibanio kikubwa cha nywele cha akina dada, kinaitwa VISOR.

Kwa hiyo kwa miaka saba, mpaka 1994, mtu aliyekuwa anawashawishi watoto wa Marekani wapende kusoma ndiye huyo huyo aliyekuwa anaigiza mtu asiyeona. Mimi niliona ni mambo ya ajira tu, msanii anakula anapopata. Wakili hakukubali.

Wakili ni mwenzangu chumbani. Anasoma sheria mwaka wa pili, haoni tangu akiwa mdogo. Laptopu yake ina programu inayomsomea maandishi kwa sauti, tena kwa kasi ambayo mimi sinasi hata neno moja, ni kama mtangazaji wa mpira aliyechanganyikiwa. Tatizo ni vitini. Vitini vya hapa, si mnavijua, ni skani ya fotokopi ya fotokopi. Kwa ile programu hiyo ni picha tu, ikifika hapo inakaa kimya. Basi mimi na jamaa wengine wawili tunapokezana kumsomea vimbwetani. Sheria ya mikataba naijua siku hizi kuliko kozi zangu mwenyewe, na mimi si mtu wa sheria!

Nilipomweleza Geordi alivyo, Wakili alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, huyo si kipofu. Huyo ana miwani mizuri kuliko yako." Na kweli, kile kidude kinamwonyesha joto, mawimbi ya redio, vitu ambavyo wenzake wote kwenye chombo hawavioni. "Niletee kipofu anayetafuta kitini," akasema, "hapo nitaangalia."

Nikampa jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. VISOR ilikuwa inambana Burton kichwani mpaka kinauma, na ilimziba macho kiasi kwamba karibu hakuona anakokanyaga. Geordi naye kwenye hadithi, tangu sehemu ya kwanza kabisa, anamwambia daktari kwamba kidude kinamuumiza kila siku. Akiivaa, Geordi anaona na Burton haoni, na vichwa vinawauma wote wawili. Wakili alicheka sana. Lakini hakubadili hukumu.

Basi nikamwekea The Masterpiece Society, sehemu ya mwaka 1992, na kila kisichosemwa kwa mdomo nikamsimulia mimi. Enterprise inakutana na watu waliojitenga kwenye sayari yao, kila mmoja amepangwa kabla ya kuzaliwa, hakuna mgonjwa, hakuna mwenye kasoro. Geordi anamwambia mwanasayansi wao kwamba kwao yeye asingeachwa azaliwe, na anauliza nani aliwapa haki ya kuamua hivyo. Kipande cha nyota kinawajia, wote wako hatarini, na ujanja wa kuwaokoa unapatikana ndani ya VISOR. Yaani ndani ya kifaa ambacho kisingekuwepo kama vipofu wasingekuwepo.

Nilidhani nimeshinda kesi. Wakili akakaa kimya, kisha akasema, "Hapo sawa. Lakini wamemkubali kwa sababu amewafaa. Asingewafaa je?" Ndipo akanisimulia kwamba alipofika umri wa kuanza shule kulikuwa na ndugu waliokaa kikao, wakamwambia mama yake hiyo ada ni ya kutupa. Mama hakuwajibu kwamba mtoto atakuja kuwa mwanasheria, hakuwa na habari hizo. Aliwaambia ni mwanangu, atasoma. Basi. Mimi sikuwa na cha kuongeza.

Kumbe lile analolipenda Wakili ni Reading Rainbow! Kuna sehemu ya mwaka 1988 ambamo vipindi viwili vinakutana. Kitabu cha siku hiyo ni The Bionic Bunny Show, hadithi ya sungura ambaye kwenye televisheni ni shujaa mwenye nguvu za ajabu, lakini kamera zikizimwa ni sungura wa kawaida tu. Baada ya kitabu Burton anawapeleka watoto kazini kwake kwingine, ndani ya Enterprise yenyewe. Anaonyesha wanavyopakwa vipodozi, na jinsi ule ujanja wa mtu kuyeyuka hapa na kutokea kule unavyopatikana, kumbe mng'ao wake ni vumbi la kumetameta linalovurugwa ndani ya maji. Na kwa kuwa anaongea na watoto, hawezi kuonyesha tu akanyamaza, lazima aeleze. Wakili alifuata karibu kila kitu bila mimi kufungua mdomo. Kwenye Star Trek nilikuwa nasimulia mpaka koo linakauka, "sasa mlango umefunguka, sasa kuna mwanga." Yaani kipindi chenye shujaa kipofu kilimtupa nje, na kipindi cha watoto kikamkaribisha ndani, ingawa hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Star Trek ilimlipa mara moja tu, na si ya Burton, ni ile ya mwanzo. Kuna bibie Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, ambaye mwenyewe alisimulia kwamba jina lilitokana na uhuru wetu huu huu wa Kiswahili, kwa sababu siku ya majaribio alikuwa na kitabu cha Robert Ruark chenye jina hilo. Katika sehemu ya kwanza kurushwa, Septemba 8, 1966, dubwana lililojigeuza mwanamume linamwendea Uhura na kumwongelesha Kiswahili. Wakili aliruka kitandani. "Rudisha! Rudisha!" Kiswahili chenyewe kimepinda kama msumari wa kuokota, tulirudisha mara sita.

Na Burton anaingia humo pia. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, Septemba 1992, alivutiwa na Uhura tangu utotoni. Mwaka uliofuata alipewa nafasi ndogo katika Second Chances, sehemu ya The Next Generation iliyoongozwa na Burton mwenyewe. Mwanaanga wa kweli akawa msaidizi kwenye chombo cha kuigiza.

Reading Rainbow iliacha kutengenezwa 2006, na 2009 ikaondolewa hewani, pesa hakuna. Mwaka 2014 Burton akachangisha kwa intaneti ili kuirudisha kwa njia ya kompyuta, zikapatikana zaidi ya dola milioni tano. Waliotoa dola 10,000 waliahidiwa chakula na yeye na kuivaa ile VISOR. Wakili aliuliza hizo ni shilingi ngapi, nikamwambia, akasema kwa pesa hiyo chuo kizima kingechapiwa vitini upya na chenji ya chipsi ibaki.

Tumeanza kuwaomba walimu mafaili yenyewe, yale ya kabla ya kuprintiwa. Mpaka jana mmoja ametuma, kurasa 34. Kwa hiyo wadau wa sheria mliotangulia, mwenye noti za mikataba alizochapa mwenyewe, siyo za skani, agonge mlango. Chumba mnakijua. Usiku mje mapema kidogo, saa nne kuna sungura.