Mwana na Mpwa

Mwalimu wangu alifariki mwaka jana. Kwenye matanga walikuja vijana wengi wa chuo kunipa pole, na mmoja wao, binti anayeandika tasnifu ya uzamivu, alinieleza kwa furaha kwamba amekusanya masimulizi yote ya Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao, aliyoweza kuyapata, akayaunganisha, akapata hadithi moja iliyokamilika. Palikuwa msibani, nikaitikia tu. Matanga yamekwisha, na jibu langu ni hili.

Nianze kwetu. Nilizaliwa Pangani. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, mama ni mtu wa Uzigua, na kwa watu wa mama mjomba ana kauli kubwa juu ya mtoto kuliko baba mdogo. Nilisoma Tanga, nikafundisha shule ya msingi kwa muda, na mwaka 1974 nikaajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Mlimani, Dar es Salaam. Utoto wangu ni huo. Anayetaka mengi zaidi awaulize ndugu zangu.

Wengi wanaijua TUKI kwa ajili ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, wakadhani kazi yetu yote ilikuwa kamusi. Taasisi ilitokana na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ilihamia Makerere mwaka 1952, ikapitia Mombasa, na mwaka 1964 ikawa taasisi ya chuo kikuu Dar es Salaam. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa nyumba ya kulinganisha: lahaja kwa lahaja, utenzi kwa utenzi, mwambao wa huku na wa kule. Nilipoingia, wanahistoria wa chuo walikuwa wameshapita njia hiyo hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa wilayani kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, na kila mmoja alirudi na maelezo ya mahali alipotoka. Mwalimu alikuwa akituambia tuyasome maelezo yale kabla hatujashika kinasa sauti.

Simtaji jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda jina lake litangulie kazi. Alikuwa mwembamba, mkali wa saa, na hakunyanyua sauti hata siku moja. Alinifundisha kadi. Kila usimulizi una kadi yake: nani amesimulia, umri wake, kazi yake, kwao wapi, siku gani, saa ngapi, nani walikuwepo wakisikiliza. Upande wa mbele hayo tu, na namba ya tepu. Maoni ya mtafiti yanakwenda nyuma, kwa penseli. Ukiandika maoni mbele kwa wino, Mwalimu anaichana kadi mbele yako na kukupa nyingine nyeupe. Nilichaniwa wiki yangu ya kwanza, na tangu hapo mkono wangu umezoea penseli.

Kipengele cha wasikilizaji ndicho nilichochelewa kukielewa. Kwa nini nijaze nani alikuwepo? Nilikielewa Kipini.

Tulikwenda huko kabla mpaka wa Tanzania na Kenya haujafungwa mwaka 1977. Tulipanda basi kutoka Tanga, tukalala Mombasa, tukavuka Kilifi kwa feri, tukapita Garsen hadi mdomoni mwa Mto Tana, nchi ya Liyongo mwenyewe. Hadithi nilikuwa nayo kichwani kutoka utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Shujaa hauawi kwa chuma. Sultani wa Pate anamhonga mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya ndoa, mtoto anamchoma baba sindano ya shaba kitovuni, na Liyongo anakwenda kisimani kupiga goti na upinde mkononi, akafa hivyo hivyo, watu wakaogopa kuteka maji.

Mzee mmoja mvuvi alitusimulia alasiri akiwa na wanawe. Aliyemchoma Liyongo alikuwa mwanawe. Usiku, nje ya nyumba ya jirani, mzee mwingine wa makamo yale yale akasimulia, na kwake aliyechoma alikuwa mpwa. Nilimtazama Mwalimu nikidhani atauliza. Hakuuliza kitu. Alibadilisha tepu, akaandika kadi ya pili, na kwenye kipengele cha wasikilizaji akajaza kwamba walikuwepo watoto wa dada wa msimulizi.

Tuliporudi Dar es Salaam mjadala ukaanza, nami nauendeleza hadi leo. Kampuni moja ya vitabu ilitaka Liyongo kwa ajili ya shule. Mhariri wake, pamoja na mtaalamu mgeni aliyekuwa akishauri mradi ule, walisema usimulizi wa mpwa ni kosa la kumbukumbu: mzee amesahau, tuchukue toleo la mwana, tulijazie na mazuri ya matoleo mengine, tuchape. Mtaalamu yule alikuwa msomi kwelikweli, amesoma vitabu nisivyovijua. Alisema kazi ya kulinganisha ni kufika kwenye hadithi ya asili, na kwamba tofauti ni vumbi la njiani, lifutwe.

Mwalimu alimjibu kwa swali moja. Mpwa ni nani kwa mjomba wake? Mahali ambapo mali na cheo hushuka kuumeni, mwana anayemuua baba anaua kile atakachokirithi, na usaliti wake ni wa ujinga na tamaa ya mke. Mahali ambapo vitu hushuka kuukeni, mpwa ndiye mrithi. Akimuua mjomba anafanya haraka ya kuchukua kilicho chake, na msiba unahamia kwa dada, aliyezaa mrithi na kumpoteza kaka. Hizo ni hadithi mbili zenye sheria mbili ndani yake. Ukifuta moja umefuta ushahidi kwamba watu wa mwambao huo waliishi kwa taratibu zaidi ya moja, na pengine walibishana juu yake kwa njia ya Liyongo.

Kitabu hakikuchapwa na taasisi. Baada ya miaka nilikiona mahali pengine, kimechapwa hivyo hivyo walivyotaka, mwana peke yake, na nyuma ya jalada hakuna jina la mzee hata mmoja wa Kipini. Maneno ya ukurasa wa pili nilikuwa nimeyanukuu mimi kutoka tepu kwa mkono wangu. Sikudai chochote. Nataka ijulikane tu.

Vijana huniambia, mzee, hiyo ni hadithi, ina madhara gani? Basi watoke kwenye hadithi waingie mahakamani. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alitumia miaka kuandika mila za makabila, moja baada ya moja: Wahaya mwaka 1945, Wasukuma mwaka 1953, na mengine. Makaratasi yake yapo maktaba kuu ya chuo, na Mwalimu alikuwa akinituma huko nikasome. Ndani ya makaratasi yale mila za kabila na kabila hazifanani. Kisha ikaja kazi ya kuunganisha mila za ukoo wa kuumeni ziwe sheria moja, nayo ikatangazwa mwaka 1963, baada ya Cory kufariki. Nia ilikuwa njema, taifa changa likitaka usawa. Lakini kanuni za urithi zilizotangazwa zilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie tu, asiiuze. Mwaka 1990 ilibidi Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, aamue kwamba kanuni hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Miaka ishirini na saba mila iliyounganishwa mezani ilikuwa ikiwahukumu wajane na mabinti, na hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa na maandishi mkononi, akiamini ndiyo desturi ya mababu.

Kwa hiyo, binti yangu, kulinganisha na kuchanganya ni kazi mbili, na ya pili ni rahisi sana siku hizi. Kompyuta inakuwekea matoleo kumi katika jedwali moja kabla chai haijapoa, na jedwali linataka kila kisanduku kijibu swali lile lile. Mzee wa Kipini hakuulizwa swali lile lile. Alisimulia usiku mbele ya wapwa zake. Mwaka 2009 taasisi yetu iliunganishwa na idara ya Kiswahili ya chuo ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, na sasa mtafiti ana wanafunzi wa kufundisha, mitihani ya kusahihisha na makala za kupandia cheo. Najua muda ni mdogo. Naomba tu muda huo mdogo usiibiwe kutoka kwenye kadi.

Binti yule aliniandikia baada ya matanga, akauliza swali zuri: itakuwaje iwapo mzee yule yule atasema mwana leo na kesho aseme mpwa? Nilimpelekea jibu ambalo Mwalimu aliwahi kunipa nilipomuuliza hilo hilo: kadi mbili, tarehe mbili, na uandike nani alikuja kesho ambaye leo hakuwepo. Nimemwomba pia atoe ile hadithi iliyokamilika kwenye sura ya tatu ya tasnifu yake, aweke matoleo yote saba moja moja, kila moja na jina la msimulizi wake. Ameahidi kuniletea rasimu kabla ya Ramadhani, nami nimeshachonga penseli.