Simba Wawili kwa Ndovu Mmoja: Hesabu Tulizoziona Chwele

Atokaye Mombasa kwenda Chwele huikata Kenya takriban upana wake wote. Tulilala Nairobi usiku mmoja, tukapanda basi la Bungoma, kisha matatu ya kuelekea kaskazini, Mlima Elgon ukitukabili. Nchi ile ni ya Wabukusu: mahindi, miwa na migomba kando zote mbili za barabara. Baridi ya alfajiri ilitufanya tujitande mitandio miwili miwili, nao wenyeji wakatucheka kwa adabu.

Chwele ni mji mdogo wenye soko kubwa. Viazi na vitunguu huteremshwa kutoka mlimani, kuku hufungwa miguu jozi jozi, na mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kadiri ya kilo 2. Sisi tuliozoea kwamba pishi ni vibaba 4, kama ajuavyo kila mama atoaye fitri, tulilazimika kujifunza upya. Soko zima ni hesabu, wala hatukuona aliyeshika kalamu.

Tulifika huko kwa mwaliko wa rafiki yetu, mwalimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Nalondo, si mbali na hapo, ipo shule maalumu ya wenye ulemavu wa viungo. Lakini mtoto mwenye mguu dhaifu hujumlisha kama mwenzake yeyote, akipata tu pa kukaa na cha kuandikia. Wanafunzi wa rafiki yetu wana mashaka ya namna nyingine.

"Huyu," alituambia akimwonyesha kijana mmoja, "atakutajia moja hadi mia bila kukosea. Mwombe vitunguu vitatu, atakupa konzi."

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa kutaja namba ni wimbo, na kuhesabu ni jambo jingine. Mtoto hana budi kugusa kitu kimoja kwa kila neno alitamkalo, kisha ajue kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Wengi wetu tulivuka daraja hilo kabla ya kumbukumbu zetu kuanza. Wale huvuka kwa miezi, kwa punje za mahindi na vifuniko vya soda. Wakishafika 10, vijiti hufungwa kitita kwa uzi, na kitita hicho huitwa kumi siku zote, hakifunguliwi ovyo.

Baadaye huja fedha. Sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zimemrahisishia mwalimu kazi kuliko kitabu chochote: ya shilingi 1 ina twiga, ya 5 kifaru, ya 10 simba, na ya 20 ana mnyama ambaye mwalimu humwita tembo. Sisi watu wa pwani, ambao tembo kwetu ni kitu cha mgema, tutamwita ndovu. Twiga watano kwa kifaru mmoja. Vifaru wawili kwa simba. Simba wawili kwa ndovu. Watoto huzibadilishana sarafu mezani kwa vicheko. Noti ni ngumu zaidi, kwa kuwa zote zina jengo lile lile la KICC upande wa mbele, hivyo hushikwa kwa rangi.

Mtaala wa umilisi humruhusu mtoto wa namna hii kupanda kwa hatua anazoziweza, si kwa umri. Hata hivyo wazazi bado huuliza, "Yuko darasa la ngapi?" Mama mmoja muuza vitunguu hakuuliza hivyo. Binti yake ana miaka 15, naye alituambia kwa sauti ya chini: "Nikifa, nani atamhesabia?"

Kwetu pwani tunao mabinti kama huyo. Huwatuma dukani na kikaratasi, pesa kamili zimefungwa kwenye ncha ya leso, ili wasipate haja ya kuhesabu. Twaona ni huruma, na huenda ni huruma kweli. Lakini binti hurudi nyumbani kama alivyotoka.

Binti wa Chwele tulifuatana naye sokoni. Alinunua nyanya za shilingi 30 kwa noti ya 50. Muuzaji, mwenye wateja wengi, alimrudishia simba mmoja, akageukia mwingine. Hatukujua kama ni haraka au ni hila. Mwalimu alitushika mkono tusiseme neno. Binti aliitazama sarafu, akaitazama tena, akabaki pale pale na kiganja wazi, watu wakimpita huku na huku.

"Simba mwingine," alisema.

Muuzaji alimtazama usoni, akatia mkono kwenye aproni yake, akampa. Mama yake alikuwa nyuma yetu. Alikuwa ameinama, akijitia kupanga vitunguu.

Muhula ujao wataanza noti ya 100. Ni ndovu watano, na mwalimu anakadiria kazi ya miezi sita.