Siku Tulipouza Subira

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, na mara nyingi mwalimu ameniwekea alama ya vema pembeni. Lakini maana yake niliijua likizo ya mwisho wa mwaka wa 2023, nilipokabidhiwa kalamu na karatasi niandike tangazo la kuuza mashua ya babu yangu.

Mpenzi msomaji, huenda wewe ni mzaliwa wa bara na mashua umeiona kwenye picha tu, kwa hivyo niruhusu nikueleze kidogo. Kwetu ni Lamu, ambako sisi wenyewe twapaita Amu. Kuna mashua za kuvulia, kuna za kubeba mchanga na mawe kutoka kisiwa cha Manda, na kuna chache ambazo kazi yake hasa ni kushindana. Wakati wa Maulidi, katika mwezi wa Mfungo Sita, vyombo hivyo hushindana kwenye mkondo ulio baina ya Amu na Manda, na watu husimama ufuoni wakipiga kelele hadi sauti zikauke.

Mashua ya mashindano utaijua tu. Ni nyembamba, mbao zake zimerandwa zikawa nyepesi, na tanga lake ni kubwa kupita kiasi. Upepo ukilijaza tanga hilo, chombo hutaka kulala ubavu. Basi hutolewa ubao upande wa joshi, yaani upande utokako upepo, na mabaharia huukalia wakining'inia juu ya maji ili uzito wao ukishike chombo kisipinduke. Nahodha akigeuza, wote huruka kwenda upande wa pili. Atakayechelewa huoga bila kupenda.

Mashua yetu iliundwa Matondoni, kijiji kinachosifika kwa mafundi wa vyombo. Urefu wake futi ishirini na saba, jina lake Subira. Watu walikuwa wakicheka, ati vipi chombo chenye mbio kiitwe Subira! Babu akiwajibu, "Subira ni ya wale wanaotungojea mwisho wa mashindano."

Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, wageni walikoma kuja. Baba, ambaye riziki yake ilikuwa kuwatembeza wageni baharini, akawa hana la kufanya. Subira ilipandishwa ufuoni ikakaa chini ya makuti miaka miwili. Chombo cha mbao hakitaki kukaa nchi kavu. Mbao hunywea, nyufa hufunguka, na ukikirudisha majini huvuja kama tenga. Isitoshe, macho ya Babu yaliingia ukungu na mabaharia wake wakatawanyika, huyu kaenda Mombasa, yule kanunua bodaboda. Kufikia Novemba 2023 mimi na kaka yangu tulikuwa na salio la karo la shilingi elfu sitini na mbili. Baba akasema, "Hakuna njia nyingine. Subira iuzwe."

Kwa kuwa mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, kazi ya tangazo ikanifikia. Nilikaa barazani nikamwaga Kiswahili chote nilichofunzwa. Niliandika kwamba Subira ni chombo kikali kama mshale, imara kama chuma, kisichopata kushindwa tangu kiundwe, na kwamba atakayekikosa atajuta majuto ya mjukuu. Nilipomaliza nikamsomea Babu kwa madaha.

Babu akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mashua hiyo ni ya nani?"

"Si yetu, Babu?"

"Mbona mimi siijui?"

Akasimama, akashika mkongojo, akaniambia, "Ndoo." Kwa Kiamu ndoo ni njoo, wala si ile ya kutekea maji. Tukashuka ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa na Subira imelala ubavu mchangani. Nikamwuliza ataonaje na hali macho hayaoni. "Mato ndiyo yenye ukungu," akajibu. "Mikono haina."

Akaanza kuipapasa mbao kwa mbao, kama daktari apapasavyo mgonjwa, na kila alipofika penye ila aliniamuru niandike. Ubavu wa kulia mbao mbili zilibadilishwa baada ya kugonga mwamba mwaka wa 2017, na za sasa si mbambakofi kama zilizosalia. Nyufa zilifunguka kwa kukaa nchi kavu, zimekalafatiwa upya kwa pamba, lakini bado chombo huingiza maji saa ya kwanza hadi mbao zivimbe. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imeungwa katikati. Tanga lina viraka vitatu. Vyuma vya usukani vimeliwa na kutu. Na mwisho, chombo kikibisha upepo upande wa kushoto huwa kikaidi, sharti ukisemeshe kwa upole. Zote zilikuwa aibu sita.

Baba alipoiona karatasi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mzee wangu, nani atanunua mgonjwa aliyeandikiwa maradhi yote? Shule zitafunguliwa Januari!"

Babu hakupandisha sauti. "Atakayeinunua hataiweka sebuleni. Atapakia watu kumi aende nao mkondoni. Akizama kwa kuamini karatasi yetu, wale kumi tumewazamisha sisi."

Baba akakosa neno. Tangazo likabandikwa gatini na kwenye mkahawa wa chai, likapigwa picha likasambazwa kwa simu, bei yake shilingi laki tatu na elfu themanini.

Sasa nataka kuungama jambo. Kesho yake nilitumwa kukumba maji ya mvua yaliyobaki ndani ya Subira. Nilipokuwa nikipitisha upo, kile chombo cha kukumbia maji, pale shina la mlingoti linapokaa juu ya mkuku, kidole changu kilizama kwenye mti. Mti ulikuwa laini kama mkate uliorowa chai. Nilijua ni nini. Ule ulikuwa uozo, tena mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu nguvu yote ya tanga huteremkia pale. Mikono ya Babu haikufika huko kwa kuwa yeye aliipapasa kutoka nje. Nilikaa nikitazama kidole changu. Nikafikiria karo. Nikafikiria kurudishwa nyumbani lango la shule likiwa wazi kwa wengine. Nikajiambia kwamba aibu sita zatosha. Nikafunika pale kwa kipande cha gunia, nikaenda zangu.

Wiki tatu zikapita kavu. Vijana wa gatini wakaliita tangazo letu cheti cha hospitali. Mtu mmoja wa kubeba mchanga alikuja, akaizunguka mashua mara moja, akatikisa kichwa. "Hii ni ya mbio tu. Nikiijaza mchanga safari mbili imepasuka." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba yale yanayokipa chombo cha mashindano sifa ndiyo yanayokipunguzia wanunuzi. Wembamba wake hauna pa kuweka mzigo, na tanga lile kubwa lataka mabaharia wengi, ilhali mvuvi ana wenzake wawili. Chombo kama hicho humfaa mwenye wazimu wa mashindano peke yake.

Mwenye wazimu huyo alifika wiki ya mwisho ya Disemba, nahodha kutoka Kizingitini, kule kisiwa cha Pate. Alikuwa na tangazo letu limekunjwa mfukoni. Akaamkiana na Babu, wakaulizana hali za watu na za bahari, kisha akaitoa ile karatasi akaanza kuzitafuta aibu moja baada ya nyingine. Kila alipoiona moja alisema, "Kweli." Alipofika ya sita akatabasamu. "Sijapata kuona muuzaji kama huyu. Laki tatu na hamsini, tupeane mikono."

Baba alikwisha kunyosha mkono. Yule nahodha akasema, "Ngoja nitazame mlingoti." Akaliinua gunia. Akachomoa kisu kidogo, akakichomeka kwenye mti, nacho kikaingia chote hadi kwenye mpini.

Kimya kikatanda. Akasema polepole, "Hii haimo kwenye karatasi."

Babu akageuza uso, akiwatafuta watu kwa masikio. "Ni nini?"

Hakuna aliyejibu. Niliona nyusi za Baba, niliona yule mgeni akimtazama babu yangu kama mtu aliyemdanganya, na hilo lilinichoma kuliko kiboko. Nikapiga moyo konde. "Babu, ni mimi. Kuna uozo chini ya mlingoti. Niliuona nikauficha."

Nilitarajia makofi. Babu alisema tu, "Andika." Nikaitwaa kalamu nikaandika ya saba, mkono ukitetemeka, mbele ya wote.

Yule nahodha akaikunja karatasi. "Mjukuu," akaniambia, "zile sita zilinifanya nikuamini. Hii moja imenifanya nizirudie zote sita." Na kweli akazirudia. Alingoja maji yajae na kupwa tena, akaitazama Subira upya ubao kwa ubao mpaka magharibi. Mwishowe akatoa laki tatu. Basi gunia langu lile lilitugharimu shilingi elfu hamsini na siku nzima ya aibu.

Karo ililipwa. Kilichobaki kilipunguza madeni mengine, na tanga kuukuu likaenda na chombo. Asubuhi walipokuja kuichukua, Babu aliushika usukani, akaushikashika, kisha akatoka majini bila kugeuka nyuma.

Mwaka uliofuata, likizo ya Disemba 2024, vijana walifanya mashindano madogo mkondoni, kaskazi ikivuma vizuri, na Subira ikaja kutoka Kizingitini na tanga jipya jeupe. Nilikaa na Babu ufuoni nikimsimulia. Ilimaliza ya pili. Lakini Babu hakuuliza ya ngapi.

"Wanakumba mai?"

"Ndiyo, mmoja anakumba."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma, Babu."

"Basi mlingoti wameutengeneza," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Wanafunzi wenzangu, nasi kila siku twauza vitu. Twauza majina yetu kwa walimu na ahadi zetu kwa wazazi. Kizuri chajiuza, nakubali, lakini hata kizuri kina uozo wake mahali, na anayeujua ni yule aliyeuwekea gunia. Heri aliondoe mwenyewe kabla mgeni hajaja na kisu.