Ngozi ya Waya

Shaba husifiwa kwa sababu hupitisha umeme. Ngozi ya mpira au plastiki iivikayo shaba haisifiwi na mtu, ingawa pasipo ngozi hiyo shaba ingekuwa adui wa kila mkono uishikao. Ngozi hiyo ni kihami, na uwezo wake wa kuukataa umeme ndio ukinzani wake. Walakini hakuna kihami kikataacho kabisa. Kila kimoja huvujisha kidogo, na kazi ya mpimaji ni kujua kidogo hicho ni kiasi gani.

Kupima ni kwepesi kueleza. Waya mmoja hutiwa volti 500 za mkondo mnyoofu, nyaya nyingine zote huunganishwa na ardhi, kisha husomwa mkondo uvujao. Kihami cha megaomu 1,000 huvujisha nusu ya maikroampea tu. Fundi wa zamani alipima waya mmoja mmoja kwa Megger, akizungusha mpini kwa mkono. Kebo ya nyaya 20 na wavu wake wa shaba humtaka mtu apime mara 21. Na kwa kuwa kihami hunywa umeme kwanza kabla ya kutulia, desturi ni kungoja dakika 1 kila mara. Asiye na subira husoma katika nukta ya tano, akakihukumu kihami kizima kuwa kibovu. Ndipo likabuniwa sanduku la swichi: njia 21, kila njia na rilei yake, na mita moja ikizitembelea zote kwa zamu.

Sanduku la namna hiyo nililikuta katika karakana moja ya mwambao nilipokuwa nikijifunza kazi. Kebo zote za juma lile zilisomwa megaomu 400 au karibu na hapo, na mnunuzi alitaka 1,000. Vijana waliozitengeneza wakazuiliwa ujira wao. Mwenye karakana hakuwa katili. Aliiamini mita, na mita haina sababu ya kumchukia mtu. Mimi nilishangazwa na usawa wa makosa yenyewe. Ubovu wa kazi ya mikono haufanani hivyo: waya huu hukwaruzwa, ule huunguzwa, wa tatu husalimika.

Nilimweleza fundi mkuu, mtu mzima tuliyemwita Mzee. Hakujibu. Alizima volti, akangoja kebo imwage umeme wake, akaichomoa, kisha akalipima sanduku tupu. Mita ikasoma megaomu 500.

"Mwanangu," akasema, "sanduku linajipima lenyewe."

Hesabu yake ni hii. Rilei iliyozimwa nayo ni kihami, na kila moja ya zile ilikuwa na megaomu 10,000, kiasi cha kujivunia. Lakini moja iwashwapo, 20 zilizobaki huvuja bega kwa bega, na 10,000 kugawanya kwa 20 ni 500. Sanduku tupu lilivujisha maikroampea 1. Kebo ilipotiwa zikawa 1.25. Toa 1, hubaki robo, na robo ya maikroampea kwa volti 500 ni megaomu 2,000. Kebo zilikuwa bora mara mbili kuliko zilivyotakiwa.

Kutoa huku hufaa maadamu sanduku halibadiliki, nalo hubadilika: joto, unyevu wa hewa ya bahari, vumbi, hata mafuta ya kidole hulipunguzia ukinzani. Kwa hiyo Mzee akawa analipima tupu kabla ya kila kebo, na kuziandika namba zote mbili daftarini. Dawa bora, ambayo ni ghali, ni kuweka rilei mbili mfululizo katika kila njia, na kukipa kiungo cha kati yao volti sawa na za waya upimwao. Hapo uvujaji hutoka katika kiungo hicho, bila kupita katika mita.

Ujira ulilipwa Jumamosi ile. Vijana hawakuambiwa kwa nini ulikuwa umezuiliwa.