Kazi ya Kompyuta ni Kazi Gani?

Nimemaliza mwaka wangu wa kwanza wa informatiki katika chuo kikuu kimoja cha hapa Lubumbashi. Kila mara nikirudi kwetu Kolwezi watu wananiuliza: «Mama, unasoma nini kule?» Nikijibu kwamba nasoma kompyuta, wanafurahi na kusema: «Vizuri sana! Basi utakuwa sekretere.» Wengine wananiletea simu iliyoanguka majini. Mzee mmoja jirani yetu alinitumia redio yake, na kuku mmoja juu yake.

Siwacheki. Wazazi wengi wanalipa minervali ya somo hili, nao wana haki ya kujua feza yao inanunua nini. Kwa hiyo nataka kueleza kidogo mambo tunayofundishwa, na namna nilivyotafuta mahali pangu ndani ya kazi hii. Tena kulikuwa na sababu ya kutafuta upesi, nitaisema mbele.

Mwezi wa kwanza hatukugusa kompyuta hata moja. Tulikuwa zaidi ya mia mbili ndani ya chumba kimoja, wengine wameketi madirishani. Chumba cha mashini kina kompyuta 20, na umeme ukikatika ni kama hazipo. Basi tuliandika programu kwa kalamu, ndani ya daftari. Kisha mwenzako anajifanya mashini: anafuata mstari kwa mstari maneno uliyoandika, bila kukuhurumia. Ukiandika «chukua namba» bila kusema namba ipi, anakaa kimya anakutazama.

Tulicheka sana siku zile, lakini hapo ndipo kazi ilipoanza kuonekana. Mtoto ukimwambia «lete maji», anajua kwamba ni ya kunywa, anajua kikombe kiko wapi, anajua kwamba mgeni ndiye anayepewa kwanza. Mashini haijui lolote la hayo. Lazima umwandikie kila hatua, kwa mpango, toka mwanzo hata mwisho. Mpango huo wa hatua tunauita algoritimu. Neno limetoka katika jina la al-Khwarizmi, bingwa wa hesabu aliyekaa Baghdad katika karne ya 9. Mnaona kwamba jina la kazi lilitangulia mashini kwa miaka elfu moja na zaidi.

Jambo la pili lilikuwa hesabu yenyewe. Ndani ya mashini mna alama mbili tu, 0 na 1, kama taa iliyozimika na taa iliyowaka. Jaribuni nyumbani kwa vidole. Tukihesabu kama kawaida, vidole 10 vinafika 10. Lakini mkisema kwamba kidole cha kwanza ni 1, cha pili ni 2, cha tatu ni 4, cha nne ni 8, kila kimoja mara mbili ya kile kilichotangulia, na kwamba kidole kilichosimama kinahesabiwa na kilicholala hakihesabiwi, basi kwa mikono miwili mtafika 1,023. Wadogo zangu wawili walikaa jioni nzima wakibishana juu ya vidole, hata ugali ukapoa.

Mwalimu wetu mmoja alituonyesha picha ya mfupa wa Ishango. Mfupa huo ulichimbwa mwaka 1950 karibu na ziwa Edward, katika nchi yetu ya Kongo, na Mbelgiji mmoja jina lake Jean de Heinzelin. Una umri wa miaka kama 20,000, nao umechorwa mistari kwa makundi makundi. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake, lakini wengi wao wanaona ndani yake alama za mtu anayehesabu. Leo mfupa umewekwa Brussels. Na kwetu Katanga Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na michoro. Mwenye kufundishwa aliupitisha vidole vyake na kusimulia habari za wafalme na za safari zao. Anayesema kwamba kuweka habari kwa mpango ni ufundi wa wageni tu, aende kwanza akaitazame lukasa.

Lugha ilitutesa zaidi ya hesabu. Masomo ni kwa Kifaransa. Programu tuliiandika kwa Pascal, lugha ya mashini iliyotungwa mwaka 1970 na Mswisi Niklaus Wirth kwa ajili ya kufundishia, na maneno yake ni ya Kiingereza. Usiku, tukielezana pale makaoni, tulisema Kiswahili. Naamini nilielewa hasa yale niliyoweza kumwelezea mwenzangu kwa Kiswahili. Mengine niliyakariri tu.

Wasichana tulikuwa wachache. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti kama kweli hii ni kazi ya wanawake. Asistenti hakumgombeza. Alituambia habari za mtawa wa Marekani, Sista Mary Kenneth Keller, aliyepata udaktari wa informatiki katika chuo kikuu cha Wisconsin mwaka 1965. Ni mmoja wa watu wawili wa kwanza kabisa kuupata katika nchi ile, halafu alifundisha miaka mingi katika chuo cha Clarke, mji wa Dubuque. Kijana yule aliandika jina la sista daftarini mwake, na tangu siku ile aliniomba mara nyingi nimsahihishie kazi zake.

Katikati ya mwaka asistenti huyo alitupa kazi ya namna nyingine: kila mmoja atafute watu watatu wanaokula kwa ufundi huu, awaulize wanafanya nini toka asubuhi hata jioni. Mshahara tuuulize mwisho.

Wa kwanza wangu alikuwa mtu wa mitandao. Viatu vyake vilijaa udongo mwekundu. Anapanda minara, anavuta nyaya chini ya barabara, na adui yake mkubwa ni panya. Wa pili alikuwa kijana anayetunga programu za maduka. Anafanya kazi usiku umeme unaporudi, na wenye maduka wanakawia kumlipa. Wa tatu, mama mmoja katika ofisi ya madini, anachora kwa kompyuta ramani za mawe yaliyo chini ya udongo, ili wachimbaji wajue pa kupasua. Kazi yake ilinipendeza. Nilipotoka kwake nilifikiri juu ya kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, nayo imo ndani ya betri za simu na za kompyuta kila mahali. Na mimi, mtoto wa Kolwezi, nilishika kompyuta mara ya kwanza nikiwa na miaka 17.

Watatu walitosha kwa asistenti. Wa nne nilikutana naye bila kumtafuta, siku nilipomsindikiza jirani na mtoto wake mwenye homa kwenye dispensari ya mtaa. Mama mwuguzi aliuliza namba ya karatasi ya mtoto. Mama alikuwa ameipoteza. Basi mwuguzi akaanza kutafuta ndani ya masanduku, sanduku baada ya sanduku, kwa maana karatasi zilipangwa kufuata siku mtu alipokuja mara ya kwanza. Zilikuwa karibu 4,000. Tulingoja zaidi ya nusu saa, mtoto anatetemeka mgongoni. Mwisho mwuguzi alichukua karatasi mpya. Yote yaliyoandikwa kwanza juu ya mtoto yule, dawa alizopewa, chanjo zake, yalibaki sandukuni.

Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa namna ya kutafuta. Kama vitu havina mpango, huna njia ila kutazama kimoja kimoja. Lakini kama vimepangwa kwa herufi, unafungua katikati kabisa. Jina unalolitaka liko mbele au nyuma? Basi nusu moja unaiacha mara moja. Unafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, na hivyo hivyo. Karatasi 4,000 zinakuwa 2,000, kisha 1,000, kisha 500. Ukitazama mara 12 tu umefika. Hesabuni wenyewe.

Nilimwomba mwuguzi ruhusa. Mimi na wenzangu wawili tulirudi Jumamosi tatu, tukaketi chini kwenye mkeka, tukazipanga karatasi zote kwa majina. Kompyuta haikuwapo. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani tulileta mashini.

Na hapo nilijifunza mambo ambayo ubao haukuniambia. Akina Ilunga peke yao walijaza nusu ya sanduku. Mtoto mmoja ameandikwa Kabwe mara ya kwanza kwa jina la baba, na Mwamba mara ya pili kwa sababu aliletwa na bibi. Mapacha wana siku moja ya kuzaliwa. Jina lile lile limeandikwa kwa njia tatu, kufuata sikio la mwandishi. Ilitubidi tukae na mwuguzi na kupatana: jina, kisha jina la mama mzazi, kisha mwaka wa kuzaliwa. Kwa nini jina la mama? Mwuguzi alijibu kwamba mara nyingi wanaoleta watoto ni akina mama, na jina la mama halibadiliki mtoto akihamishwa nyumba. Jibu lile lilinifaa kuliko kurasa nyingi za silabisi.

Nilimwuliza ni nani anayezisoma hesabu za wagonjwa zinazotoka dispensari. Akanituma kwenye ofisi ya eneo la afya, na huko nikamwona mtu ambaye kazi yake ni hiyo hasa. Kongo ina maeneo ya afya 519. Hesabu zake za malaria, za surua na za kuzaa zinaingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo inatokana na kazi iliyoanzwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, na leo inaangaliwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchi ya Norwe. Mtu huyo alinionyesha mstari mmoja uliopanda ghafula: surua, mtaa fulani. «Hapa ndipo tunapojua pa kupeleka chanjo,» alisema. «Lakini kama dispensari imeandika vibaya, mashini itasema uongo kwa uaminifu kabisa.» Nilirudi makaoni kwa miguu, njia yote nikiwaza kwamba kazi hii naitaka.

Sasa ile sababu niliyowaambia. Baba yetu alifariki zamani, mama anauza unga wa mahindi, na minervali yangu inalipwa na mjomba, kaka wa mama, mtunza depo ya vyuma katika kampuni moja. Mwezi wa 8, baada ya matokeo ya mitihani, mjomba aliniita. Nilikuwa nimefaulu. Akasema: «Mama, Mungu ametusaidia. Ofisini kwetu wanatafuta sekretere mwenye kujua kompyuta. Mshahara kila mwezi. Wadogo zako watasoma bila taabu.»

Si neno la kudharau. Wadogo zangu walikwisha kurudishwa nyumbani mara mbili mwaka ule kwa sababu ya deni la shule. Mama alitazama chini, hakusema kitu.

Nilijibu: «Mjomba, nimesikia, nakushukuru sana. Naomba unisikilize kidogo.» Nikachukua daftari, nikamweleza habari za dispensari na zile karatasi 4,000. Nilipofika kwenye mara 12 alinikatiza. «Ngoja. Sisi kule depo tunapoteza saa nzima kutafuta bulo moja.» Akachukua kalamu, akagawanya mwenyewe: 4,000, 2,000, 1,000, mpaka chini. Akarudia tena kwa namba ya vyuma vya depo yake. Halafu akauliza swali lililofaa: «Na huko kwenye afya watakulipa kiasi gani?»

Nilimwambia kweli. Ni kidogo kuliko kwenye madini, na mara nyingine kinakawia. Nilimwambia pia kwamba lisansi siku hizi ni miaka 3, si ile 5 ya zamani aliyokuwa akiihesabu kichwani, kwa hiyo imebaki 2. Hilo hakuwa analijua.

Alikaa kimya muda mrefu. Mama ndiye aliyesema: «Kaka, mwaka mmoja tena. Watoto wadogo nitawatafutia mimi.» Mjomba hakusema ndiyo, aliomba daftari langu alipeleke kazini. Alikaa nalo siku 4. Aliporudi alisema atalipa nusu ya mwaka, na nusu nyingine niitafute mwenyewe. Tena likizo nitakwenda kumpangia depo, bila malipo, kwa maana mkubwa wake ameona lile daftari na anataka kujua nani aliyeliandika. Ile nafasi ya sekretere amepewa binti wa mtu mwingine.

Sasa kila Jumamosi nafundisha watu watano kuandika kwa kompyuta, nyumbani kwa mama mmoja mwenye jenereta. Mmoja wao ni yule mama mwuguzi wa dispensari; halipi, tumepatana hivyo. Mwaka wa pili unaanza juma lijalo, na nusu yangu ya minervali inatakiwa kabla ya Pasaka. Mpaka leo nimekwisha kupata robo yake.